Wageni wa Benchi la Nyuma

"Jumapili hii tu," Kimeli alisema, akifuta vumbi juu ya deki ya video kwa ncha ya shati lake. "Moja tu, Mama Cheptoo. Kaseti ya Ogeto lazima irudi Kisii kesho."

Chepkemboi alikuwa amesimama mlangoni na viatu vya kanisani mkononi, maana mvua ya asubuhi ilikuwa imeigeuza njia ya kutoka barabarani kuwa tope tupu. Alimtazama mumewe akivuta pazia, akirudi nyuma kuangalia kama giza limetosha, kisha akivuta tena. Mtu huyu alikuwa fundi wa umeme katika kiwanda cha majani chai tangu ujana wake. Alipostaafu, wenzake walinunua ng'ombe wa gredi. Yeye alinunua televisheni na deki.

"Na wakija leo?"

"Nani?"

"Unajua ni nani."

Alijua. Cheptoo, binti yao aliyefundisha watoto wa nasari, alikuwa amesikizana na kijana anayeitwa Weldon, mpima maziwa pale Sotik, ambaye kwao ni Soin. Wazee wa kijana wangefika mwezi huo. Siku haikutajwa, kwa sababu ziara ya kwanza ya posa haitangazwi. Wageni huja kama wapita njia, hukaa, hunyamaza. Hawasemi kilichowaleta mpaka mwenye nyumba awaulize. Akishauliza, nao wakajibu, basi jambo limeanza na halirudi nyuma.

Mwaka uliotangulia walikuja wazee wengine, wa kijana mwingine. Walikunywa chai, wakashukuru, wakaenda zao. Hawakurudi, wala hawakutuma neno. Ila katika kikao cha akina mama kanisani, mtu mmoja nyuma yake alisema, kwa sauti isiyofichwa sana, kwamba nani atachukua msichana kutoka nyumba ya sinema. Chepkemboi aliendelea kukunja kitambaa cha meza mpaka pembe zikakutana. Alipofika nyumbani alimkuta Cheptoo akifua, na macho ya binti yalikuwa mekundu kuliko inavyofanya sabuni.

"Jumapili hii," alisema sasa, "halafu hicho chombo kinafunikwa mpaka mtoto wangu aolewe."

"Hata blanketi nitatoa mimi," Kimeli akasema.

*

Kikundi chenyewe hakikuwa na watu wengi. Kulikuwa na Ogeto, fundi cherehani wa soko la Sotik, na mkewe Nyabate. Kulikuwa na Lazarus, karani kijana wa kituo cha kununulia majani, ambaye siku za kazi aliwafokea wakulima kwa kuchuma majani makubwa, na Jumapili akaja kukaa kwa adabu kwenye mkeka wao. Na kulikuwa na Kimeli mwenyewe. Kila Jumapili walitazama filamu mpya na ya zamani, kisha wakabishana. Sharti lilikuwa moja, na Kimeli ndiye aliyelitunga: hakuna kupewa chai kabla hujasema neno juu ya ulichokiona.

Cheptoo alikuwa ameenda mazoezi ya kwaya. Filamu mpya, ile ya kaseti ya kurudishwa, ilikwisha haraka. Ilikuwa na polisi mmoja asiyefunga vifungo vya shati, magari mengi, na moto.

"Hiyo ndiyo sinema," Lazarus akasema, akipiga goti lake. "Umeona vile gari imeruka mto?"

"Nimeona," Kimeli akasema. "Na aliyekuwa ndani ya gari alikuwa anaenda wapi?"

"Kushika mwizi, mzee."

"Aliiba nini?"

Lazarus akachukua ganda la kaseti, akalisoma. Ogeto akacheka mpaka akakohoa. "Kijana ameshikwa! Ametazama saa mbili na hajui mwizi aliiba nini!"

"Na wewe Baba Oyaro unajua?" Nyabate akamuuliza mumewe.

"Mimi nilikuwa naangalia suti zao. Zile bega zimeshonwa vizuri sana."

Wakaweka ya zamani. Ilikuwa ya Kihindi, nyeusi na nyeupe, na picha ilicheza juu chini kama nguo kwenye kamba mpaka Kimeli alipoipiga televisheni kofi la ubavuni. Hakuna aliyejua lugha ile isipokuwa Nyabate, ambaye usichana wake aliwahi kulea watoto wa Mhindi mwenye duka Kisii. Yeye ndiye aliyetafsiri. Chepkemboi, aliyekuwa akiingia na kutoka kuangalia chai jikoni, alishuku siku nyingi kwamba nusu ya tafsiri ile Nyabate aliitoa kichwani mwake. Hakuwahi kusema. Ilikuwa tamu jinsi ilivyokuwa.

"Sasa anamwambia nini?" Ogeto akauliza.

"Anamwambia, wewe bibi arusi, hujafika na sufuria hata moja, na unataka kula kwa sufuria yangu?"

"Huyo ni mama mkwe?"

"Si unaona shingo yake? Huyo ni mama mkwe."

Wakati huo mlango ulifunguliwa, na mwanga ukamwagika ndani. Walikuwa watatu: mzee mwenye kofia na fimbo, mama wa makamo aliyejifunga kitambaa cha kichwa, na mwanamume mrefu aliyeinama ili asigonge kizingiti.

"Hodi," mzee akasema.

"Karibuni, karibuni, lakini fungeni mlango," Kimeli akanong'ona bila kugeuka vizuri. "Mwanga unaharibu picha. Kaeni pale nyuma kwa benchi."

Wageni walisimama kidogo, wakatazamana, wakafunga mlango, wakakaa.

Wiki ile yote Ogeto alikuwa akisema kuna watu wake wa Keroka wanaotaka kujiunga na kikundi. Kimeli akajua ndio hao. Ogeto, kwa upande wake, aliwaona watu walioingia bila kusalimiana naye, wakakaribishwa na mwenye nyumba. Akajua ni ndugu za Kimeli. Wote wawili waliridhika, wakarudisha macho kwa bibi arusi.

*

Chepkemboi aliporudi kutoka jikoni aliona vichwa vitatu vipya gizani. Akamwinamia mumewe. "Ni akina nani?"

"Watu wa Ogeto."

Basi hakuwa na neno. Akatafuta mahali pa kukaa, na pale nyuma, karibu na yule mama mgeni, kulikuwa na nafasi. Bibi arusi wa kwenye filamu alikuwa ameketi peke yake jikoni usiku, akikwangua chini ya chungu kilichobaki baada ya wengine kula. Hapakuwa na maneno pale, hata Nyabate alinyamaza. Kukwangua tu.

Chepkemboi alisikia pumzi ya mama mgeni ikikatika. Alipogeuka aliona machozi yakimtiririka. Mama yule hakuyafuta, labda kwa kuona haya, maana mkono wake mmoja ulikuwa umeshika pochi na mwingine umeshika ukingo wa benchi kama mtu anayeogopa kuanguka.

Chepkemboi alifungua leso aliyojifunga kiunoni, akamtandikia nusu magotini, nusu ikabaki kwake. Kisha akasogea mpaka mabega yao yakagusana, akaendelea kutazama mbele. Baada ya muda mama yule alichukua ncha ya leso, akajifuta uso, akapenga kamasi bila aibu tena.

"Kongoi," akanong'ona kumshukuru.

"Ni filamu tu, mama," Chepkemboi akamjibu kwa upole.

"Ah. Ingekuwa filamu tu."

Bibi arusi hakufa, ingawa Lazarus alikuwa ametabiri atakufa. Mama mkwe alipougua, ni yeye aliyemnywesha uji, na wimbo mrefu ukaimbwa. Kimeli akafungua pazia nusu. Watu wakapepesa macho.

"Sasa," akasema, akisimama mbele ya televisheni, "semeni."

"Ni ndefu," Lazarus akaanza. "Mzee, hizi za kitambo zinalaza mtu. Mama anatesa, anatesa, anatesa, halafu wimbo. Ungenipa mimi, ningemaliza kwa dakika kumi."

"Na kwa moto," Ogeto akasema.

"Na moto, ndiyo."

"Wewe bado hujaoa," Nyabate akamwambia. "Ukioa utajua mateso hayana dakika kumi. Hii ya zamani ni ya kweli. Ile mpya mtu anapigwa risasi, hata mama yake hatuoni akilia. Kwani hakuzaliwa?"

"Mimi nasema hivi," Kimeli akaingilia. Alikuwa amechangamka; vidole gumba vyake vilikuwa chini ya kanda za suruali, na Chepkemboi, aliyemjua, akaanza kuogopa kidogo. "Filamu ya zamani inakuonyesha jirani yako. Msifikiri mambo haya ni ya Bara Hindi tu. Teremkeni hapo chini Soin mwone! Bibi arusi anaamshwa jogoo hajawika, aende mtoni na mtungi. Mama mkwe amekaa kivulini na kibuyu chake cha maziwa ya mursik, kazi ni kunyoosha kidole. Mimi binti yangu akienda nyumba ya namna hiyo, nitamfuata na rungu mchana kweupe!"

Wakacheka. Hata Chepkemboi alicheka, Mungu amsamehe. Kimeli akageukia benchi la nyuma.

"Na wewe mzee mwenye kofia. Hapa hakuna chai ya bure. Toa neno."

Mzee akavua kofia, akaiweka juu ya goti.

"Mto uko mbali, ni kweli," alisema. "Lakini siku hizi tuna bomba pale sokoni."

"Bomba la wapi?"

"Soin."

Ilikuwa kama mtu amezima stima. Kimeli alimtazama Ogeto.

"Bwana Ogeto. Si ulisema watu wako wanatoka Keroka?"

"Watu wangu?" Ogeto akashika kifua. "Mimi sijawahi kuwaona hawa. Si ni ndugu zako?"

*

Walitoka nje wenyewe, wale watatu. Kupitia nafasi ya pazia Chepkemboi aliwaona wakisimama mwanzo wa shamba la chai, mzee katikati, yule mrefu akichezea jani. Walikuwa wakizungumza, vichwa vimekaribiana. Hakuna hata mmoja aliyetazama nyuma.

Ndani, Kimeli alikaa chini kwenye mkeka kama mtoto aliyekemewa. "Nimemuuza mtoto wangu," alisema. "Kwa mdomo wangu mwenyewe."

"Pole, ndugu yangu," Ogeto akasema. "Ni mimi na habari zangu za Keroka."

Nyabate alikwisha simama. "Mama Cheptoo, nisikilize. Nitaenda niwaambie video ni yetu. Tumeileta leo tu kwa sababu kwetu hakuna stima. Waseme sisi ndio watu wabaya. Sisi hatuna binti wa kuozwa."

"Na mimi nichukue deki nipitishe kwa nyuma," Lazarus akasema. "Niiweke kituoni. Hakuna mtu atajua."

Chepkemboi aliwatazama, mmoja mmoja. Kijana huyu, ambaye juzi tu alimrudishia kikapu chake mbele ya watu wote na kumwambia achambue upya, sasa alikuwa amepiga magoti na kuanza kufungua nyaya. Na Nyabate alikuwa tayari kubeba aibu isiyo yake, avuke nayo barabara kama mzigo wa kuni.

"Acha nyaya hizo, Lazarus. Wamekwisha iona. Tukiificha tutakuwa na sinema na uongo pia." Akamgeukia Nyabate. "Asante, dada yangu. Sitasahau. Lakini watu wako nje ya nyumba yangu na hawajanywa chai."

"Hawakutaka chai," Kimeli akasema chini. "Wameondoka kabla."

"Wewe ulisema hakuna chai kabla ya neno. Na mzee alisema neno."

Akaenda jikoni. Akimimina, chai ikamwagika kwenye sinia, akaifuta, akamimina tena. Alifikiria gauni la Cheptoo lililokuwa limetundikwa nyuma ya mlango, jinsi binti alivyolipiga pasi jana bila kusema ni la siku gani. Kisha akatoka.

*

Waligeuka walipomwona. Chepkemboi aliinama, akampa mzee kikombe kwanza kwa mikono miwili, kisha yule mrefu, kisha mama. Hakuuliza lolote. Alisimama tu na sinia yake tupu, viatu vyake vya plastiki vya jikoni vikizama kwenye tope.

Mzee alikunywa funda moja refu. "Chai nzuri," akasema.

"Ni ya shamba hili," alijibu, ingawa kila mtu alijua majani ya shamba yanaenda kiwandani na yanarudi dukani yamefungwa kwenye pakiti. Alikuwa hajui anasema nini.

Mama alikuwa akimtazama. "Wewe ndiye mama wa msichana."

"Ndimi."

"Mimi ni Rael. Huyu ni Johana, shemeji yangu, ndiye aliyebaki mahali pa marehemu mume wangu. Na huyu ni Kipsang, jirani." Alikishika kikombe kwa viganja viwili kupata joto. "Mume wako ametusema vibaya."

"Amewasema vibaya," Chepkemboi akakubali. "Sina la kumtetea. Ni mtu mwema mwenye mdomo mkubwa."

"Shemeji alitaka tuende. Nimemwambia angoje." Rael akatazama chini. "Si Soin yote iko hivyo. Lakini nyumba niliyoolewa mimi ilikuwa hivyo. Mimi ni yule msichana wa chungu, mama. Nimekwangua vyungu mpaka kucha zikaisha. Na siku mtoto wangu aliponiambia amepata mchumba, nililala nikijiuliza, je, nitakuwa mtu gani? Nimejifunzia kwa nani kuwa mama mkwe, kama si kwa yule?"

Johana aligeuza uso, akaangalia bondeni. Alikuwa kaka wa mume wa Rael. Alikuwepo miaka ile.

"Nimekuja kuangalia nyumba," Rael akaendelea, "nione kama msichana anatoka kwa watu wema. Nikakalishwa gizani na mambo yangu yote yakawekwa pale kwenye televisheni. Nikaona aibu kulia kati ya wageni. Ukanifunika na leso yako. Hukunijua. Ungedhani ni mtu wa Keroka tu."

"Mtu wa Keroka pia analia," Chepkemboi akasema.

Rael akacheka, cheko fupi lililomshangaza mwenyewe.

Ndipo mlango ulipofunguliwa na Kimeli akatoka. Alikuwa amevaa koti lake la kanisani juu ya shati lenye vumbi la deki, na amelifunga vifungo vyote. Alikuja mpaka mbele ya Johana, akavuta pumzi, na Chepkemboi akajua anataka kulifanya jambo kwa heshima, sasa, mara moja, kabla wageni hawajaondoka.

"Mzee wangu," Kimeli akaanza, "nimekosa. Nawaomba msamaha. Na sasa nauliza kama inavyotakiwa. Wageni wangu, mmetoka—"

"Usiulize!" Johana akainua fimbo.

Kimeli akarudi hatua moja nyuma.

"Usiulize," Johana akarudia, taratibu. "Ukiuliza, nitajibu. Nikijibu, nimefika. Na nikifika leo, basi yale uliyosema kule ndani yamesemwa mbele ya wakwe, na nitalazimika kuyapeleka nyumbani kwa wazee. Watadai kondoo wa kusafisha maneno, na wengine watadai turudi tulikotoka." Akavaa kofia yake, akainyoosha vizuri. "Lakini hujauliza. Sisi hatujasema. Kwa hiyo hakuna mtu wa Soin aliyefika hapa leo. Kuna watu watatu waliokuja kutazama sinema."

Kimeli alisimama akiyatafuna maneno hayo. Yalipomwingia, alifungua kifungo cha juu cha koti lake.

"Na mimi kama mtazamaji," Kipsang, yule mrefu, akasema kwa mara ya kwanza, "naona huyo bwana arusi ndiye aliyekuwa na makosa. Mama anamtesa mkewe, yeye anaimba tu."

"Hata mimi nasema hivyo!" sauti ya Nyabate ikatoka dirishani, ambako kumbe wote watatu walikuwa wamejipanga nyuma ya pazia.

*

Walirudi ndani, wakanywa chai ya pili, wakabishana mpaka jua likaelekea milima ya Kisii. Johana alisema filamu mpya pia ina haki yake, maana kijana akichoka anahitaji kuona gari likiruka mto. Lazarus akamshika mkono kwa furaha. Wageni wakaondoka kabla Cheptoo hajarudi kutoka kwaya, na kwa ombi la Rael hakuambiwa lolote.

Jumamosi iliyofuata, siku ambayo Johana aliidokeza wakati wa kuaga, deki ikiwa chini ya blanketi na pazia zimefunguliwa wazi, watu watatu walionekana wakipanda njia: mzee mwenye kofia na fimbo, mama wa kitambaa, na mwanamume mrefu. Walikuwa wamepiga viatu rangi. Kimeli aliwapokea na Ogeto kando yake, maana alimwomba jirani yake akae upande wa nyumba. Wakasalimiana kwa mkono, kila mtu na kila mtu, kama watu ambao hawajapata kuonana tangu wazaliwe. Wakakaa. Wakanyamaza muda unaostahili.

Kimeli akakohoa. "Wageni wangu," alisema, kwa sauti nzito kama ya mhubiri, "mmetoka wapi, na mna haja gani?"

"Tumetoka mbali," Johana akajibu, uso wake mkavu. "Kule chini Soin. Upande huu sisi ni wageni kabisa. Hata njia tumeuliza."

"Poleni. Hamjapata kufika huku?"

"Hata siku moja."

Ogeto alianza kukohoa, akatoa kitambaa, akakiweka mdomoni. Kipsang akatazama dari. Rael alikuwa ameuma ncha ya kitambaa chake, mabega yakimtikisika, na machozi yalikuwa yamemjaa tena machoni, lakini si yale ya juzi. Kisha likamponyoka, cheko kubwa la mama aliyetua mzigo, na nyumba nzima ikamfuata, Johana mwenyewe akipiga sakafu kwa fimbo.

Chepkemboi alikimbilia jikoni kuchukua kibuyu cha mursik kabla hajaanguka kwa kucheka. Cheptoo alikuwa amesimama pale ndani ya gauni lake lililopigwa pasi, mikono imeshikana kifuani, uso umesawijika.

"Mama, wanacheka nini? Wametukataa?"

Chepkemboi alimfuta binti yake jasho la paji la uso kwa kiganja, akakitikisa kibuyu, akamkabidhi yeye akakipeleke.

"La, mama yangu," alisema. "Wamefika."